Kwa Baba Mdogo, Oli, Arua, Uganda: habari za bati na za ule uigizaji wangu

London, 18 Novemba 2023

Baba Mdogo mpendwa,

Asalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta wewe, Mama, bibi yangu Habuba na wote wa hapo Oli mkiwa wazima. Mimi ni mzima. Baridi imeanza, kazi ya usiku inaendelea, na kuhusu hayo sina la kuongeza.

Ujumbe wako wa sauti ulinifikia Jumapili nikiwa ndani ya basi, na kwa kuwa ulikuwa wa dakika 11, niliusikiliza mpaka nikapitiliza kituo changu. Dakika 3 za mwanzo zilikuwa za bati na 8 zilizobaki zilikuwa za kunigombeza. La bati nitalimaliza upesi. Nimetuma shilingi milioni 1 kwa simu ya Amina, na tafadhali zisipitie kwa Hakim, sababu unazijua. Kwa bei uliyonitajia zinatosha bati 20 za geji 28; mbao na misumari mjitahidi wenyewe mpaka Januari. Zimechelewa kwa sababu waigizaji wa Marekani waligoma siku 118, tangu Julai hadi wiki iliyopita, na wakigoma wao hata sisi wa huku hukaa bure, kwa kuwa studio nyingi za Uingereza hufanya kazi kwa fedha za kampuni za Marekani. Sikuwa nimewasahau.

Sasa nije kwenye zile dakika 8. Umesema kwamba Shehe alionyeshwa kipande cha ile tamthilia ambamo nimejifunika shuka nikilia ufukweni, akakuuliza tangu lini binti wa marehemu kaka yako amekuwa Msomali, nawe ukakosa la kumjibu. Ukaendelea kusema kwamba Waingereza nao wamepotoka, maana wamemweka mwanamke mweusi kuwa malkia wao wa zamani, jambo ambalo kwako ni sawa na wewe kuigiza Kabaka, na kwamba Wamisri wana haki ya kukasirika juu ya yule Cleopatra, na kwamba kila mtu aigize watu wa kwao basi.

Naomba uniruhusu nijibu kwa heshima zote, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kutazama sinema. Bila yale mahindi ya kuchoma uliyokuwa ukininunulia mlangoni mwa kibanda cha video nisingekuwa hapa. Nakumbuka vizuri filamu ile ya Idi Amin, kwa kuwa mwaka 2005 ilipokuwa ikipigwa Kampala ulikuwa huko ukitafuta kazi, nao wakakuchukua siku 2 kusimama katika umati. DVD ilipofika Arua, kila mara ulisimamisha picha kwa rimoti ukasema, "Huyo ni mimi," ingawa kilichoonekana nyuma ya mwanamume mwenye kofia kilikuwa sikio tu. Mama alisema hata hilo sikio si lako. Mimi niliamini, na mpaka leo naamini.

Unakumbuka ulivyomsifu Forest Whitaker? Alizaliwa Texas, akaja kwetu, akajifunza Kiswahili na kupiga kodiani kwa ajili ya kazi hiyo, na Februari 2007 alipopata Oscar, pale Oli palishangiliwa kana kwamba ametoka Koboko, kwao Amin. Lakini kila alipofungua kinywa kusema Kiswahili, wazee waliokulia kambi za jeshi walicheka mpaka wakashika mbavu. Ndipo ulipowanyamazisha kwa maneno ambayo sijayasahau: "Kiswahili si kitu. Sura anayo."

Maneno hayo nimeyabeba mpaka huku, Baba Mdogo, na kila ninapokaa kwenye foleni ya usaili huyasikia. Hebu wahesabu waliomwigiza Amin. Mwaka 1976 aliandaliwa Mmarekani mmoja, Godfrey Cambridge, akaanguka akafa wakiwa bado wanapiga picha, nafasi yake akapewa Mmarekani mwingine, Julius Harris. Mwaka uliofuata akaja Yaphet Kotto, naye Mmarekani. Mwaka 1981 akaja Joseph Olita wa Kenya, ambaye kwa sura ndiye aliyempatia hasa, na Mira Nair akamrudisha mwaka 1991 katika filamu yake ya Wahindi waliofukuzwa Uganda. Kisha Whitaker, na mwaka 2018 Nonso Anozie, aliyezaliwa hapa London kwa wazazi wa Nigeria. Katika hao ninaowajua hakuna hata mmoja wa kwetu West Nile, wala sikumbuki siku uliyolalamika kwamba mtoto wa Koboko ameigizwa na watu wa Texas na New York. Ulisema ni mweusi mwenzetu, yatosha. Basi ujue kwamba kwa hesabu hiyohiyo ndiyo mimi nilivyofanywa Msomali. Aliyenichagua alikuwa na picha yangu mezani, akaona sura ipo, akafunga faili.

Wala si Msomali peke yake. Katika miaka yangu 6 ya kazi hii nimekuwa Mkongo aliyekimbia vita, Mnigeria anayefagia ofisi, mwanamke wa Eritrea asiye na jina, na mara moja niliambiwa tu "mwanakijiji wa 2", kijiji kisijulikane kiko wapi. Fomu wanazotujazisha zina kisanduku kimoja kwa ajili yetu, "Mwafrika mweusi", na mtu wa Oli na mtu wa Lagos wanaingia humo pamoja kama kuku kwenye tenga moja. Fomu hizo zina sababu njema, sikatai. Taasisi ya filamu ya hapa, BFI, ina masharti tangu 2016 kwa kila filamu inayoomba fedha zake, na wale wa Oscar wamesema kwamba kuanzia tuzo za mwakani filamu inayotaka kushindania tuzo kuu lazima itimize masharti 2 kati ya 4 ya kujumuisha watu wa kila namna, baada ya ile fedheha ya 2015 na 2016 ambapo waigizaji wote 20 waliopendekezwa, miaka yote miwili, walikuwa weupe. Kisanduku kinakufungulia mlango, ila ukishaingia hakuna anayekuuliza ulikotoka.

Juu ya malkia mweusi, naona umewahukumu Waingereza bila kujua deni wanalolipa. Shakespeare aliwaandikia mchezo wenye jemadari mweusi, Othello, na kwa zaidi ya miaka 300 karibu kila aliyemwigiza alikuwa mweupe aliyejipaka rangi. Mwaka 1833 Mmarekani mweusi aitwaye Ira Aldridge alipanda jukwaa kubwa la Covent Garden kuicheza nafasi hiyo, na baadhi ya magazeti yakamshambulia kama mwizi. Mwaka 1965 Laurence Olivier, mwigizaji wao mkubwa kuliko wote wa wakati huo, alijipaka weusi kuanzia kichwani hadi miguuni akaicheza katika filamu, na watu wakasimama kumpigia makofi. Mwaka 1981 BBC ilimpa Anthony Hopkins, naye akapakwa. Tena BBC hiyohiyo, kuanzia 1958 hadi 1978, ilikuwa na kipindi cha nyimbo ambamo wanaume weupe waliojipaka masizi walicheza na kuchekesha familia nzima jioni ya Jumamosi. Miaka 20, Baba Mdogo! Waliokuwa watoto wakati huo ndio wazee ninaowahudumia sasa, na mmoja wao aliniimbia wimbo wa kipindi hicho nikimbadilishia shuka, kwa upendo kabisa, akidhani ananifurahisha.

Isitoshe, nchi hii inaishi kwa kutengeneza hadithi za zamani za mabwana, mabibi, farasi na majumba, na hizo ndizo zenye fedha na miezi mingi ya kazi. Kama nguo hizo ni za weupe tu, basi sisi wengine tutakaa tukisubiri hadithi ya wakimbizi. Ndiyo maana Idris Elba, David Oyelowo na wengine walikwenda kutafutia riziki Marekani. Kwa hiyo Golda Rosheuvel alipovikwa taji mwaka 2020 akawa Malkia Charlotte katika *Bridgerton*, wenzangu wengi walilia kwa furaha, na mimi nilikuwa mmoja wao. Ila nikuambie siri: tamthilia yenyewe siipendi sana. Hariri ni nyingi mno, na hakuna hata mmoja anayeuliza fedha za hariri hiyo zilitoka kwenye sukari ya nani na migongo ya nani. Wameweka watu weusi ndani ya jumba na kuwatoa weusi waliolilipia. Hapo ungenigombeza ningekubaliana nawe.

Kule Marekani walikokimbilia nako hawakupokelewa kwa ngoma na wote. Yule kijana wetu Daniel Kaluuya, mzaliwa wa hapa London mwenye wazazi wa Uganda, aliigiza Mmarekani mweusi katika *Get Out* mwaka 2017, na Samuel L. Jackson akajiuliza redioni mambo yangekuwaje iwapo nafasi hiyo angepewa ndugu wa palepale Marekani, ambaye ameyaishi. Weusi kwa weusi! Mwaka 2021 Kaluuya akapata Oscar kwa kumwigiza kiongozi wa Chicago, Fred Hampton, na sikumsikia aliyemrudishia maneno hayo. Nilikuwa zamu usiku ule, nikapiga kelele mpaka msimamizi akaja mbio akidhani kuna aliyeanguka kitandani. Niliandika kwenye kundi letu "Mtu wetu ameshinda," na Hakim akajibu kwamba huyo ni Muganda, si mtu wetu. Hapo nawe ulicheka, sauti yako naijua.

Kila nchi ina kidonda chake, ndiyo maana sura moja ikivuka mpaka inasomwa vingine. Ufaransa, kwa mfano, serikali haitaki raia wahesabiwe kwa rangi, kwa hiyo fomu kama zetu huko hazipo, na wakubwa wa sinema walizoea kusema kwamba wao hawaoni rangi. Lakini mwaka 2010 walipotengeneza filamu juu ya Alexandre Dumas, mwandishi wao ambaye bibi yake alikuwa mtumwa mweusi kisiwani Saint-Domingue, walimchukua Gérard Depardieu, mweupe mwenye macho ya buluu, wakamtia rangi kidogo na nywele bandia za kujisokota. Hao ndio wasioona rangi. Miaka 8 baadaye wanawake 16 waigizaji, wakiongozwa na Aïssa Maïga, waliandika kitabu kusema kwamba weusi si kazi yao, kisha wakapanda ngazi za tamasha la Cannes pamoja mbele ya wapiga picha. Nilikitafuta kitabu hicho nikakisoma kwa kamusi, na nusu ya mambo yaliyomo yamenipata mimi.

Na hao Wamisri uliowatetea, mimi pia nawatetea, lakini nusu. Ni kweli Cleopatra alikuwa wa ukoo wa Ptolemaio, Wagiriki wa Makedonia, na Mei mwaka huu Netflix ilipomleta Adele James, mwigizaji Mwingereza mwenye damu mchanganyiko, tena katika filamu iliyojiita ya historia na si ya kubuni, wizara yao ya mambo ya kale ilikuwa na la kusema. Sawa. Ila sinema ya Kairo ilimpenda sana Ali al-Kassar, ambaye alijipaka weusi akawa mtumishi Mnubi wa kuchekesha, na kwa miaka mingi Mnubi katika filamu zao alikuwa bawabu au mpishi. Wewe unayebeba jina la Unubi hapo Oli kwa fahari, usiwape haki yao yote bila kuwadai hilo. Wachina nao, ambao filamu zao tulizipenda sana kibandani, katika sherehe yao kuu ya mwaka mpya wa 2018 kwenye televisheni ya taifa walionyesha mchezo juu ya reli ya Mombasa na Nairobi, na mama wa Kiafrika akaigizwa na Mchina aliyepakwa rangi nyeusi, makalio ya kubandika na kapu la matunda kichwani. Jirani zetu hao wa Kenya walikuwa na waigizaji wangapi waliokosa kazi siku hiyo?

Tuseme ukweli kwamba hata sisi si wasafi. Umesahau ule mchezo wa shule ambamo Hakim alikuwa Bwana Disii, yule mkuu wa wilaya wa Kizungu, tukampaka unga wa muhogo usoni mpaka akapiga chafya katikati ya hotuba, na unga ukamwangukia mgeni wa heshima? Mhindi katika michezo yetu ana duka na kusema "kuja kesho", hana kingine. Mzungu wetu ni mjinga mwenye fedha. Hata kule Wakaliga, ambako Isaac Nabwana anatengeneza filamu zake za mapigano kwa fedha isiyotosha kununua bati zako, yule Mmarekani wa New York aliyehamia, Alan Hofmanis, aliingizwa kucheza Mzungu, kwa kuwa sura anayo. Mimi napenda sana filamu hizo, maana Nabwana anajua anachokifanya na Mzungu wake anapata kipigo kwa haki. Tena kibandani VJ, yule mfasiri wa sinema, alimgeuza Mchina akaongea Kiganda, akampa jina la mtaa wa jirani, na tukamlilia alipokufa. Kwa hiyo usiniambie kwamba sisi tunataka kila mtu aigize watu wa kwao.

Ningependa siku moja utazame tena *Queen of Katwe* ya mwaka 2016, wewe na Mama, safari hii bila simu mkononi. Mama wa mtoto ni Lupita Nyong'o, Mjaluo wa Kenya, na kocha ni Oyelowo, Mwingereza wa asili ya Nigeria, hao sawa, ni wa kuuza tiketi. Lakini mtoto mwenyewe, Madina Nalwanga, alichukuliwa Kampala, na filamu ikapigwa Katwe yenyewe. Tazama anavyomjibu mkubwa bila kumwangalia machoni. Hilo haliko kwenye ngozi, wala mwalimu wa lafudhi hakufundishi kwa wiki 2. Ukimaliza, mwulize Amina akutafutie Florence Kasumba, aliyezaliwa Kampala akakulia Ujerumani. Mwaka 2019 aliingia kuwa mpelelezi wa polisi katika *Tatort*, tamthilia ambayo Wajerumani wameitazama Jumapili usiku tangu 1970. Anaingia, anaonyesha kitambulisho, anawahoji Wajerumani kwa Kijerumani. Nilipomwona mara ya kwanza nilifunga simu kwanza nikakaa kimya.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijamwambia hata Mama, na ndilo hasa lililonifanya niandike badala ya kukutumia sauti. Mwezi Machi niliitwa kwenye usaili wa nafasi ya mwanamke wa Arua, mke wa askari, mwaka 1972. Arua, Baba Mdogo! Wakala wangu aliponisomea nilimwomba arudie. Nilivaa gauni la Mama lile la kijani, nikaenda, nikasema maneno yangu kama Habuba anavyosema, kwa sauti ya chini, nikimeza mwisho wa neno. Mwanamke aliyekuwa nyuma ya kamera alitabasamu akaniuliza kama naweza kuifanya iwe ya Kiafrika zaidi kidogo. Nikamwuliza, "Ya Afrika ipi?" Akasema nielewe tu, iwe na joto zaidi. Nikarudia vilevile, kwa kuwa sikuwa na nyingine. Nafasi ikaenda kwa binti mwingine, mzaliwa wa hapa, wazazi wake wa Ghana, mzuri, mwenye jina tayari.

Wiki 3 baadaye wakanipigia simu. Hawakuwa wamebadili mawazo. Walitaka nije siku 2 kumfundisha binti huyo Kiswahili na adabu za kwetu. Nilikata simu, nikalia, kisha nikawapigia mwenyewe nikawatajia bei mara mbili ya nilivyokusudia, wakakubali bila kubisha, jambo linalonifanya nijute kwamba sikutaja mara nne. Walichelewa kulipa mpaka mwezi huu, na bati zako zimetoka humo.

Binti mwenyewe hana kosa. Aliniamkia kwa heshima, akaniomba nimwonyeshe jinsi ya kupiga magoti mbele ya mkwe na sinia mkononi, na magoti yake yakalia kama mlango usiotiwa mafuta. Maneno aliyopewa ndiyo yaliyonishinda. Kiswahili kilichotafsiriwa kilikuwa cha kitabuni, laini, cha Unguja, mke wa askari anaulizwa mumewe yuko wapi anajibu, "Sifahamu aliko, bwana wangu." Nikawaambia kwamba mke wa askari wa Arua, mbele ya wanajeshi wenye bunduki, angesema, "Mimi hapana jua, afande," na kunyamaza. Walikutana, wakajadili, mmoja akauliza kama hicho si Kiswahili kibovu. Nikasema ni Kiswahili cha kambini, cha King's African Rifles, jeshi la Waingereza la enzi ya ukoloni, kilichoamuru watu na kuua watu, na nyumbani kwetu kilitubembeleza tulale. Wakaandika chini.

Siku ya pili aliletwa mpakaji rangi akiwa na kisanduku chake. Alikuwa amesoma kwamba Wanubi wa zamani walichanjwa mistari 3 mashavuni, "one-eleven", akataka kujua imelala au imesimama, akaniuliza kama nina picha ya mtu. Nilikuwa nayo, unajua niliyo nayo, Habuba akiwa amekaa mlangoni na tabaga, kawa yake ya kufuma, mapajani. Sikuitoa. Nilimwomba kalamu ya nyusi, nikasimama mbele ya kioo, nikajichora mwenyewe, mitatu kulia, mitatu kushoto, imesimama. Nilipoinua macho, Habuba alikuwa ndani ya kioo ananitazama. Mkono ukaanza kutetemeka. Nikakumbuka alivyotusimulia habari za mwaka 1979, Amin alipopinduliwa, jinsi alivyofunga kanga mpaka chini ya macho kwenye kila kizuizi cha barabarani kutoka Jinja mpaka Pakwach, kwa kuwa watu walitafuta mistari hiyo, na aliyekuwa nayo hakuulizwa alimfanyia nani nini. Sura anayo. Wewe ulikuwa mtoto umeshika kanga hiyohiyo. Mpakaji rangi akasema, "Vizuri sana," akapiga picha mashavu yangu kwa simu ili akayanakili kwa binti wa Ghana, na nikanawa kwa sabuni ya mikono kwa sababu mafuta maalumu ya kuondolea rangi yalikuwa yamekwisha.

Yote haya siyasemi ili unihurumie. Nina habari njema pia. Mwezi Machi mwakani nitaonekana katika tamthilia ya hospitali, mimi ni muuguzi, naitwa Karen, nina sentensi 7 na jina langu kamili litapita mwishoni, Zulfa na jina la Mzee. Hakuna aliyeniuliza Karen ametoka wapi. Anafika kazini amechelewa, anamgombeza daktari, anakwenda zake. Mwonyeshe Shehe hiyo, na kama akiuliza tangu lini mimi ni Karen, mwambie tangu walipoanza kunilipa.

Sasa kuna jambo moja ninalokuomba, na lina malipo. Wale wa mwaka 1972 wamegundua kwamba waigizaji wote wa nafasi za askari, hapana mmoja anayejua kusema kile Kiswahili, nami ni mwanamke, sauti yangu haiwafai. Wanataka mzee aliyekulia kambini, arekodiwe dakika 30 akisema amri za gwaride, matusi ya sajini, mazungumzo ya mesi, na vile askari walivyowaongelesha wake zao. Nimewaambia ninaye, amekulia kwenye laini za kambi ya Jinja, na sikio lake tayari limeshaonekana katika filamu. Watalipa kwa jina lako mwenyewe, nimehakikisha limeandikwa.

Rekodi usiku baada ya isha, ndani, mbali na jenereta ya kibanda na kuku wa Mama Saida. Simu uiweke juu ya mto, usiishike mkononi. Usikisafishe Kiswahili kwa kuwa unasikilizwa na Wazungu, sema kama babu alivyokuwa akikuita ukiwa umechelewa kurudi kutoka mtoni. Matusi usiyapunguze, ila Mama awe ameshalala. Na ukikohoa, endelea tu, hata sajini hukohoa.

Mwanao mtiifu,

Zulfa